Usiku wangu unaishia msalani, na binti yangu anadhani namkwepa

Mpendwa Mshauri,

Nakusalimu kwa heshima. Nimesoma safu hii kwa muda mrefu na sikutarajia kwamba siku moja ningeshika kalamu kukuandikia, tena kuhusu jambo la haja ndogo. Nitajitahidi kusema wazi, kwa sababu nimechoka, na nikificha hutaweza kunisaidia.

Nina miaka 59. Kwa miaka kadhaa sasa sijui usingizi wa mfululizo ni kitu gani. Nikishapitiwa, haupiti muda naamka nimebanwa. Nakwenda msalani, narudi, nalala, naamka tena. Zamani nilikuwa nahesabu. Siku hizi nimeacha, maana kuhesabu kunaniongezea huzuni. Kinachonishangaza ni kwamba si matone. Kila nikienda mkojo unatoka mwingi, kana kwamba mchana kutwa nilikuwa nakunywa maji, ilhali mimi nimejinyima.

Nimejinyima kweli. Ikifika alasiri sitii maji mdomoni hadi kesho yake. Midomo inakauka, jioni kichwa kinaniuma, choo kimekuwa kigumu, na safari za usiku ziko palepale. Kabla ya kulala nakwenda msalani, najilaza, kisha nainuka tena kwenda hata kama sijabanwa, ili nijihakikishie kwamba hakuna kilichobaki.

Kuna mambo mengine nayataja tu kwa sababu huwa unatuhimiza wasomaji tusiache kitu. Nina presha. Natumia vidonge vya aina mbili, na kimoja niliambiwa ni cha kupunguza maji mwilini. Navimeza vyote usiku nikienda kulala, kwa kuwa asubuhi huwa nina haraka na nasahau. Kazi yangu ni ya kukaa kitini kutwa. Jioni nikivua viatu naona alama za soksi zimezama kwenye vifundo. Mume wangu naye analalamika kwamba nakoroma sana, na kwamba wakati mwingine nanyamaza ghafla, halafu nashtuka kama mtu aliyekabwa koo. Sioni kukoroma kunahusiana vipi na kibofu, ila nimekuandikia.

Sipendi kumwamsha, kwa hiyo siwashi taa. Natembea nikipapasa ukuta. Hivi karibuni nilijikwaa kwenye kizingiti nikaangukia goti. Sikumwambia mtu.

Mume wangu anasema ni umri, kwamba hata mama yake alikuwa hivi. Mwenzangu wa kazini ananishauri nitafute vidonge vya usingizi, eti nikilala fofofo kibofu kitasubiri. Nakiri wazo hilo linanivutia.

Sasa nifike kwenye lililonifanya niandike. Binti yangu anakaribia kujifungua mtoto wake wa kwanza. Ameniomba nikakae naye wiki za mwanzo. Nyumba yao ni ndogo na choo ni kimoja, mlango wake unatazamana na chumba chao. Mimi ningelala chumba kimoja na mkwe wangu, mama wa mume wake, mwanamke ninayemheshimu sana na ambaye bado hatujazoeana. Nikifikiria nikinyata gizani mbele ya macho yake usiku kucha, maji yakisikika kila saa na mtoto mchanga akiamshwa na mimi, natamani ardhi ipasuke. Nimempa binti yangu visingizio vya kazi. Amenijibu kwa ujumbe mfupi: "Sawa mama, nimeelewa." Mimi ninajua hajaelewa. Anadhani namkwepa.

Niende au nisiende? Nimwambie au ninyamaze? Na hivi kuna njia yoyote ya kulala usiku mzima kabla mtoto hajazaliwa?

Mama asiyelala

*

Dada yangu mpendwa,

Asante kwa kuandika bila kuficha. Yale uliyosema unayataja tu, yaani viatu, vidonge na kukoroma, ndiyo yaliyonishika zaidi katika barua yako, na nitayarudia.

Nikikuelewa vizuri, usiku wako umekatikakatika, umejinyima maji bila kupata nafuu, unafikiria dawa za usingizi, na katikati ya uchovu huo binti yako amekuita nawe huwezi kumwambia kinachokuzuia. Yote umeyabebesha kibofu. Naomba tulitazame hilo kwa pamoja, kwa sababu mimi sina hakika kwamba kibofu ndicho chenye kosa.

Ila kwanza goti lako. Hili silisubirishi. Kuamka usiku mara mbili au zaidi kwenda msalani kunaongeza hatari ya kuanguka, na mwanamke akishapita ukomo wa hedhi mifupa yake huvunjika kirahisi kuliko zamani. Nyonga ikivunjika, mambo tunayojadili hapa yatageuka kuwa madogo. Tafuta taa hafifu, yenye mwanga wa rangi ya chungwa au nyekundu ukiipata, iweke chini karibu na sakafu kuanzia kitandani hadi msalani. Mwanga wa aina hiyo hausumbui usingizi wa mwenzako, na wako pia utarudi upesi kuliko ukiwasha taa kubwa au ukitazama simu. Kaa ukingoni mwa kitanda kidogo kabla ya kusimama, kwa kuwa mtu anayemeza dawa za presha anaweza kupata kizunguzungu akiinuka ghafla. Na mweleze mume wako kwamba ulianguka. Mtu anayelalamikia kukoroma kwako bila shaka angependa kujua kwamba unatembea gizani kwa ajili yake.

Sasa kibofu. Kibofu cha mtu mzima kwa kawaida hubeba kati ya mililita 300 na 500. Kikiwa kimechokozeka, au kikiwa na maambukizi, au kikishindwa kutulia, dalili yake huwa ni kubanwa mara kwa mara na kutoa kidogo. Wewe umeniambia kinyume chake: kila ukienda, mkojo ni mwingi. Kama ndivyo, kibofu chako kinafanya kazi yake. Kinajaa, kinakuarifu. Swali linahama, linakuwa: ni nini kinachokijaza usiku, wakati ambapo mwili ulitakiwa kupumzika?

Kwa kawaida usiku ubongo hutoa homoni inayoziambia figo zishike maji, na mkojo unapungua. Umri ukisonga, homoni hiyo hupungua, na figo za usiku huanza kufanya kazi kama za mchana. Kwa hiyo mume wako hajakosea kabisa. Kuamka mara moja kwa usiku ni jambo la kawaida kwa watu wengi wa rika lenu. Ninachokihofia katika jibu la "ni umri" ni kwamba linafunga mlango. Mama mkwe wako huenda naye alikuwa na sababu nyingine ambayo hakuna aliyemuuliza.

Tazama miguu yako. Alama za soksi jioni zinaonyesha kwamba maji yamekaa chini, kwenye vifundo, kutwa nzima uliyokuwa kitini. Maji hayo hayapotei. Ukijilaza, miguu inakuwa sawa na moyo, maji yanarudi kwenye damu, yanafika kwenye figo, na figo zinafanya kinachotakiwa. Umeacha kunywa tangu alasiri, lakini umelala na ghala la maji miguuni. Hii ni sababu mojawapo inayofanya kufunga maji kusilete chochote kwa watu wengi, na wengi huumia wakidhani hawajajinyima vya kutosha.

Jambo unaloweza kujaribu hapa ni rahisi, nalo halina gharama: saa kadhaa kabla ya kulala, alasiri au jioni ukirudi kazini, lala chali na kuinua miguu juu ya usawa wa moyo kwa muda wa saa moja hivi, ili maji hayo yatoke ungali macho. Kutembea kidogo jioni nako kunasaidia kuyasukuma. Wapo wanaovaa soksi za kubana mchana, ila ziulizie kwanza kwa daktari, kwa kuwa mtu mwenye mishipa mibovu ya kupeleka damu miguuni zinaweza kumdhuru. Na uvimbe wenyewe usiuzoee. Baadhi ya dawa za presha, mojawapo ni amlodipini, huvimbisha vifundo. Moyo au figo zikichoka pia miguu huvimba. Ukiona uvimbe unapanda, au unakosa pumzi ukilala chali, usingoje siku ya kliniki.

Kuhusu vidonge vyako: kidonge cha kupunguza maji kinafanya kazi kwa kuzilazimisha figo zitoe mkojo, na kazi yake kubwa huwa katika saa chache baada ya kumezwa. Ukikimeza unapokwenda kulala, umeupangia usiku wako safari. Wengi hukinywa asubuhi, na wengine daktari huwahamishia alasiri, kama saa sita kabla ya kulala, ili kimalize kazi mapema na kuondoa maji ya miguuni pia. Hata hivyo nakusihi usihame peke yako. Sijui vidonge vyako ni vya aina gani wala kwa nini ulipewa hivyo viwili pamoja. Beba pakiti zenyewe, mwonyeshe daktari au mfamasia, mwambie unavimeza saa ngapi. Huenda hajui kwamba unavimeza usiku. Kama tatizo ni kusahau asubuhi, hilo nalo mwambie. Kusahau ni sababu ya haki na ina ufumbuzi wake.

Nije kwenye kukoroma, ambako wewe hukuona uhusiano. Nisikufiche, hapa ndipo ningependa daktari atazame kwa makini zaidi kuliko penginepo. Mtu anayekoroma kwa nguvu, akanyamaza, kisha akashtuka kama aliyekabwa, anaweza kuwa na tatizo la kukatika kwa pumzi usingizini. Njia ya hewa kooni inajifunga, kifua kinavuta bila kupata hewa, na mvuto huo unautanua moyo. Moyo ukitanuka hivyo hutoa homoni inayoziagiza figo zitoe chumvi na maji, kana kwamba mwili una maji ya kupindukia. Mkojo unakuwa mwingi. Pamoja na hayo, kila pumzi inapokatika ubongo unaamka kidogo, na ukiamka unajikuta umebanwa. Basi unadhani mkojo ndio uliokuamsha. Huenda ni kweli. Huenda pia kilichokuamsha ni pumzi, na mkojo ulikuwepo tu. Tatizo hili pia linaambatana sana na presha, na presha ya aina hiyo hushuka kwa shida. Linapimwa kwa kipimo cha usiku, na wengi wanaotibiwa, kwa mfano kwa barakoa inayosukuma hewa, huona safari za msalani zimepungua bila kugusa kibofu hata kidogo.

Sisemi unalo. Nasema mume wako ndiye shahidi pekee wa usiku wako, na malalamiko yake ni ushahidi ambao daktari anauhitaji. Mwombe akurekodi kwa simu usiku mmoja au miwili.

Unaona sasa kwa nini dawa za usingizi zinanitia hofu, ingawa naelewa kabisa kwa nini zinakuvutia. Mtu aliyechoka hivi hutamani kuzimika tu. Lakini baadhi ya dawa hizo hulegeza misuli ya koo na kuizuia pumzi zaidi. Figo hazilali kwa kuwa wewe umelala, kwa hiyo kibofu kitajaa na utaamka ukiwa na usingizi mzito kichwani, ukiyumba, kwenye kizingiti kilekile. Nyumbani kwa binti yako, ukiwa na mjukuu mikononi usiku, hatari hiyo ni kubwa zaidi. Kama usingizi wenyewe ndio tatizo, hilo linatibika kwa njia nyingine, na daktari akiona haja ya dawa atachagua akijua habari zako zote.

Maji, dada yangu, yarudishe. Kichwa kinachouma na choo kigumu ni mwili unaolalamika. Mkojo mzito unakichokoza kibofu, na utumbo uliojaa unakibana, kwa hiyo kujinyima kwako kunaweza hata kukuongezea mbio za msalani. Kunywa vizuri asubuhi na mchana, kisha punguza taratibu saa mbili au tatu za mwisho kabla ya kulala. Ukiwa na kiu wakati huo, pata mafunda machache. Chai na kahawa zisogeze ziwe za mchana, kwa kuwa hata saa tano hivi zikipita tangu uzinywe, nusu ya kafeini bado imo mwilini. Pombe, kama unatumia, hufukuza usingizi wa nusu ya pili ya usiku na kuongeza mkojo juu yake.

Na chumvi. Watu hukumbuka maji wakasahau chumvi, na mwili uliojaa chumvi hushika maji mchana na kuyaachia usiku. Mwaka 2017 watafiti wa Nagasaki, Japani, walieleza matokeo ya watu zaidi ya 300 waliokuwa na tatizo kama lako. Wale waliofaulu kupunguza chumvi kutoka gramu 10.7 hadi gramu 8 kwa siku, safari zao za usiku zilishuka kwa wastani kutoka 2.3 hadi 1.4. Ni utafiti mmoja, na miili hutofautiana, lakini Shirika la Afya Duniani tayari linashauri watu wazima wale chumvi chini ya gramu 5 kwa siku, ambazo ni kama kijiko kidogo kimoja, na wewe una presha. Ukipunguza hupotezi kitu.

Ile safari ya pili kabla ya kulala, ya kwenda bila kubanwa, ningeiacha. Kibofu kinachotolewa mkojo kila mara kabla hakijajaa hujifunza kudai mapema. Nenda mara moja, kaa bila haraka, maliza, kalale.

Uliniambia umeacha kuhesabu kwa sababu kunakuhuzunisha. Naomba urudie kuhesabu kwa siku tatu tu, na safari hii iwe kwa ajili ya daktari. Chukua chombo chenye alama za mililita na daftari. Kila ukienda haja ndogo, mchana na usiku, andika saa na kiasi, na pembeni andika ulichokunywa na saa ulizomeza vidonge. Mkojo wa kwanza wa asubuhi uhesabu pamoja na wa usiku, kwa kuwa ulitengenezwa ukiwa kitandani. Halafu linganisha. Chukulia mtu ametoa mililita 1,800 kwa saa 24, na 700 kati ya hizo ni za usiku: hiyo ni karibu asilimia 39. Kwa waliopita miaka 65 wataalamu huona usiku umezidi ukivuka theluthi moja, yaani asilimia 33, na kwa vijana ukivuka asilimia 20. Wewe uko katikati ya hao. Ikiwa usiku wako umezidi, macho yahamie kwenye miguu, vidonge, chumvi, moyo na pumzi. Ikiwa ni mwingi usiku na mchana pia, kipimo cha sukari kwenye damu kinatangulia. Na kama utagundua kwamba kila safari ni kidogo kidogo kuliko ulivyodhani, basi nimekosea mimi, na kibofu kichunguzwe: mkojo upimwe kama una maambukizi, na kuna mazoezi ya misuli ya sakafu ya nyonga, ile inayobana mkojo, na ya kukizoesha kibofu kusubiri, ambayo huwafaa wanawake wengi.

Daftari hilo linasaidia pia kwa aibu. Si lazima uanze kwa kueleza. Unaweza kumkabidhi daktari, ukasema "hizi ni siku zangu tatu," ukamwacha asome.

Zipo dawa nyingine anazoweza kuzitaja. Ipo inayofanana na ile homoni ya usiku niliyoieleza, nayo hupunguza mkojo kweli, ila inaweza kushusha sodiamu kwenye damu hadi mahali pa hatari, hasa kwa wenye umri mkubwa na wanaotumia vidonge vya kupunguza maji. Akiitaja, muulize kuhusu kupima damu kabla na baada ya kuanza. Ukiona damu kwenye mkojo, homa na maumivu ya mgongo, au ukishindwa kabisa kukojoa, nenda siku hiyohiyo.

Uliuliza kama utalala usiku mzima kabla mtoto hajazaliwa. Siwezi kukuahidi, na ningependa usijipime kwa kipimo hicho. Usingizi mzito zaidi huwa katika theluthi ya kwanza ya usiku. Ukipata saa tatu au nne za mwanzo bila kukatizwa, hata kama baadaye utaamka mara moja, asubuhi utaiona tofauti. Kuhamisha saa za kidonge na kuinua miguu kunaweza kuonyesha mabadiliko katika siku chache. Kipimo cha pumzi kitachukua muda zaidi.

Sasa binti yako. Umejichorea picha ya nyumba iliyotulia, watu wote wamelala, wewe peke yako unanyata. Lakini nyumba yenye mtoto mchanga haina usiku wa namna hiyo. Kutakuwa na kilio, taa, maji, milango, na watu wazima wanaopishana. Inawezekana kabisa kwamba wewe ndiye utakayekuwa macho wakati wengine wamezidiwa. Vilevile binti yako yuko katika miezi ya mwisho ya ujauzito. Mtoto anakikalia kibofu chake. Kuna uwezekano mkubwa kwamba wakati unanyata kwako, naye ananyata kwake. Pengine yeye ndiye mtu wa kwanza kumwambia ambaye hutahitaji kumfafanulia sana.

Unaweza kwenda ukanyamaza. Utakuwa karibu naye, na pengine hakuna atakayegundua, ila nguvu utakazotumia kujificha zitatoka kwenye nguvu za kumsaidia, na ninaogopa utarudi kwenye kufunga maji na kutembea gizani. Unaweza kumwambia yeye tu, kwa maneno machache: "Mwanangu, si kwamba sitaki. Naamka sana usiku kwenda msalani na naona haya." Hatari yake ni kwamba atakuonea huruma, au atakuhangaikia wakati ambao anapaswa kujihangaikia mwenyewe. Akijua, lakini, anaweza kukupangia kitanda karibu na mlango, au mkaweka taa. Kuhusu mkwe wako sijui. Mnaheshimiana na hamjazoeana, na wewe ndiye unayejua kama neno moja la mapema lingekupunguzia mzigo au lingekuongezea. Yeye naye ni mwanamke wa umri wake, na sidhani usiku wake haujawahi kumsumbua.

Ipo pia njia ya kwenda mchana, ukalala kwako au mahali pa karibu kama umbali unaruhusu, au kuchelewa kidogo ukaanza na daktari halafu ukaenda wiki ya tatu au ya nne, wakati wasaidizi wa mwanzo wameanza kuondoka na mama mzazi anachoka kwa kweli. Ukichagua hivyo, gharama yake ni kwamba hutakuwepo siku zile za mwanzo, na hazirudi. Na ukiamua kutokwenda kabisa, sitakulaumu, kwa sababu mtu aliyekosa usingizi kwa muda mrefu ana haki ya kusema hawezi. Ningekuomba tu, katika yote hayo, usimwachie binti yako sababu ya kazi. Hiyo ndiyo inayomwambia kwamba kuna kitu ulichokipa nafasi kabla yake.

Nimekuuliza mengi na wewe ulitaka jibu moja. Kama utapata nafasi, niandikie baada ya siku tatu za daftari, uniambie usiku umechukua sehemu gani ya siku yako, na daktari alisema nini alipoona zile pakiti.